Hatua Kumi na Tatu

Fainali ya mita 400 kuruka viunzi, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, ilikimbiwa Beijing tarehe 25 Agosti 2015. Njia ya 9, ile ya ukingoni kabisa, alipangiwa Mkenya wa miaka 25 aitwaye Nicholas Bett. Ni njia ambayo wakimbiaji wengi hawaipendi. Kwa kuwa watu huanza kwa kupishana ili kona zisimpunje yeyote, aliye njia ya 9 huanza mbele ya wenzake wote, na tangu hapo hamwoni mtu. Wapinzani wako mgongoni. Hana wa kumfukuza wala wa kumpimia kasi. Inambidi awe ameshaipanga mbio nzima kichwani kabla bunduki haijalia.

Bett alikuwa ameipanga. Alimaliza kwa sekunde 47.79, mbele ya Denis Kudryavtsev wa Urusi aliyepata 48.05 na Jeffery Gibson wa Bahamas aliyepata 48.17. Kenya haikuwa imewahi kutwaa dhahabu ya dunia katika mbio yoyote iliyo fupi kuliko mita 800. Kesho yake Julius Yego akarusha mkuki mita 92.72 na kuchukua dhahabu nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia, na Kenya ikamaliza mashindano hayo ikiongoza jedwali la medali, ikiwa na dhahabu 7. Katika shangwe hiyo kubwa, ushindi wa Bett ulitajwa kama ajabu moja kati ya maajabu. Mimi nauhesabu kama kazi ya fundi, na ningependa tuutazame kama tunavyotazama kazi ya fundi yeyote, polepole, kiungo kwa kiungo.

Mbio hizi zina viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91.4. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Kutoka kiunzi cha mwisho hadi kumaliza ni mita 40. Vipimo hivi havibadiliki popote duniani, na kazi yote ya mkimbiaji imo ndani ya zile mita 35 zinazojirudia mara 9.

Sisi wa Mavivi, huku Beni, Kongo, tunaweza kuiona hesabu hiyo kwa macho. Chukua utepe wa seremala, simama kando ya barabara inayotoka Beni kwenda Oicha, asubuhi kabla motari, waendesha pikipiki wetu, hawajawa wengi, upime mita 35 na kuweka jiwe kila mwisho. Ni umbali mdogo. Mtu aliye jiwe la pili anakusikia ukimwita. Sasa punguza mita mbili na kidogo, maana mrukaji huiacha ardhi kabla hajakifikia kiunzi. Punguza tena kama mita moja na robo, anapotua ng'ambo ya kiunzi kilichotangulia. Zinabaki mita 31 na nusu hivi. Ukizimaliza kwa hatua 13, kila hatua ni mita 2.42. Ukizimaliza kwa hatua 15, kila hatua ni mita 2.10. Jaribu kupiga hatua moja tu ya mita 2.42 kutoka kwenye jiwe lako. Utaona kwamba umeruka, hukutembea. Anayeshika hesabu ya 13 mbio nzima hupiga hatua 117 za namna hiyo kati ya kiunzi cha kwanza na cha kumi, na anazipiga akiwa anaishiwa pumzi.

Hesabu hii ina siri yake. Ukienda kwa hatua 13 au 15, ambazo hazigawanyiki kwa mbili, unafika kwenye kila kiunzi na mguu uleule ukitangulia. Ukienda kwa hatua 14, mguu unabadilika kila mara: kiunzi hiki unatanguliza wa kushoto, kile wa kulia. Wengi wetu tuna mguu mmoja tunaouamini, kama tulivyo na mkono mmoja wa kuandikia. Kumfundisha mtu aruke kwa mguu wake dhaifu akiwa katika kasi ya mashindano ni kazi ya miaka. Kisha kuna kona. Mbio zinazunguka kuelekea kushoto, kwa hiyo anayetanguliza mguu wa kushoto anaweza kubana ukingo wa ndani wa njia yake. Anayetanguliza wa kulia hulazimika kukaa katikati zaidi, la sivyo mguu wake wa nyuma utapita nje ya kiunzi na waamuzi watamwondoa. Kwa hiyo swali la mguu gani utangulie linaamua hata mstari ambao mtu anaukimbilia.

Halafu mwili huchoka. Kuanzia kiunzi cha sita hadi cha nane hatua huanza kufupika zenyewe, upende usipende. Aliyeng'ang'ania 13 bila kuwa na nguvu ya kuzitimiza hufika mbali na kiunzi, akijinyoosha kama anayevuka mfereji, anakigonga na kupoteza kasi. Aliyezidisha tahadhari hufika karibu mno na kulazimika kupiga vihatua vya kujirekebisha, na kila kihatua kinakula sehemu ya sekunde. Mwenye ufundi anajua tangu mazoezini ni kiunzi cha ngapi atabadilisha hesabu, na anaibadilisha kabla mwili haujambadilishia. Edwin Moses wa Marekani alipata heshima yake kwa kushika 13 tangu mwanzo hadi mwisho. Kevin Young, aliyeshinda Barcelona mwaka 1992 kwa sekunde 46.78, alithubutu kupiga hatua 12 kuelekea viunzi viwili, cha 4 na cha 5, kisha akarudi 13. Mtazamaji wa kawaida haoni lolote kati ya haya. Anaona mtu anakimbia na kuruka. Ndiyo maana nayapenda mashindano haya kuliko mengine yote ya uwanjani: uzuri wake umefichwa mahali ambapo mtu hana budi kuhesabu ili auone.

Jirani yetu aliyafahamu haya mapema kuliko karibu kila mtu. Kutoka Beni ukishuka hadi Kasindi na kuvuka Mpondwe, umeshaingia Uganda. John Akii-Bua alizaliwa mbali zaidi huko kaskazini, Lango, mwaka 1949, katika boma la chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Mmoja wa kaka zake, Lawrence Ogwang, alikuwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha Uganda kwenda Olimpiki, Melbourne 1956, akishindana katika miruko mitatu. Akii-Bua wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 7. Sitadai kwamba kaka alimfundisha mdogo wake kuruka viunzi. Ninachosema ni kwamba katika boma lile Olimpiki haikuwa hadithi ya watu wa mbali. Ilikuwa mahali ambapo mtu wa nyumbani amewahi kufika na kurudi.

Akii-Bua akawa askari polisi, akapata kocha Malcolm Arnold kutoka Uingereza, na wawili hao wakajenga mazoezi ambayo mpaka leo yanatisha kuyasoma. Alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi, akiruka viunzi vilivyoinuliwa hadi zaidi ya mita moja, yaani kupita kimo cha mashindano yake. Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, alipangiwa njia ya 1. Hiyo ndiyo njia nyingine isiyopendwa, kwa sababu kona yake ndiyo kali kuliko zote: ukingo wake wa ndani uko kama mita 36.5 tu kutoka kitovu cha kona, wakati njia ya 9 iko karibu mita 10 nje zaidi na kona yake ni pana. Mwenye mwili mkubwa akiwa katika kasi ya juu huvutwa nje na kona kali, na bado anatakiwa aruke. Mbele yake alikuwa David Hemery, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya 48.12. Akii-Bua aliwapita wote na kumaliza kwa 47.82, mtu wa kwanza katika historia kushuka chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alipata 48.51, Hemery 48.52. Dhahabu ile ilikuwa ya kwanza kwa Uganda katika Olimpiki, na nchi ilingoja hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London 2012 kupata nyingine.

Ziweke saa hizo mbili pamoja: 47.82 ya Akii-Bua katika njia ya 1, mwaka 1972, na 47.79 ya Bett katika njia ya 9, mwaka 2015. Miaka 43, na tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde, muda usiotosha kupepesa jicho. Kati yao viatu vimebadilika na mazoezi yameandikiwa vitabu. Mita 35 zimebaki zilezile. Mmoja alikuwa amebanwa kwenye kona kali kuliko zote, mwingine amewekwa pasipo na mtu wa kumtazama, na wote wawili wakamaliza karibu sawasawa, kwa sababu walichokuwa wakikifuata hakikuwa mtu bali hesabu.

Bett hakuikimbia hesabu hiyo peke yake. Alikuwa na pacha, Haron Koech, na Koech naye ni mkimbiaji wa mita 400 kuruka viunzi. Majina yao ya mwisho yanatofautiana, kwa hiyo mtu aliyesoma orodha ya washindani bila kuwajua angewadhania ni Wakenya wawili tu. Walitoka Kenya, nchi ambayo kijana mwenye miguu mizuri huelekezwa moja kwa moja kwenye mita 800, 1500, kuruka viunzi na maji, au barabara ndefu. Wao walichagua mzunguko mmoja wenye viunzi 10.

Watu husema kasi iko katika damu. Nakubali nusu. Kasi yaweza kurithiwa, kama kimo na urefu wa mguu. Hesabu ya hatua hairithiwi. Hakuna mtoto aliyezaliwa akijua abadilishe kutoka 13 kwenda 14 kwenye kiunzi cha ngapi. Hilo hufundishwa, husahauliwa, hufundishwa tena, na anayelifundisha vizuri ni yule anayekuona kila siku. Hapo ndipo ndugu anapokuwa na thamani kuliko saa. Saa hukuambia umechelewa. Ndugu anayekimbia njia ya pembeni, mwenye mguu unaokaribiana na wako kwa urefu, hukuambia umechelewa wapi: kiunzi cha saba ulitua kwa kisigino, kiunzi cha nane bega lako la kulia lilifunguka. Waliowahi kuona wapasua mbao wa huku kwetu wakivuta msumeno wa watu wawili wataelewa haraka. Kila mmoja anavuta kwa zamu yake na hakuna anayesukuma; akisukuma mmoja, msumeno unapinda na ubao unaharibika. Wapasuaji wazuri mara nyingi ni ndugu, na hawaongei wakiwa kazini.

Katika Afrika Mashariki jambo hili la ndugu kukimbia pamoja lina mizizi. Mwaka 1990, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Auckland, Kenya ilitwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, na katika watu wanne wawili walikuwa ndugu, Samson Kitur na David Kitur. Kaka yao Simon alikuwa mtu wa kuruka viunzi. Samson ndiye aliyefika juu zaidi: shaba ya mita 400 katika Olimpiki ya Barcelona 1992. Alifariki mwaka 2003, bado kijana. Ubelgiji nayo ina familia ya Borlée, ambayo msomaji wa Kongo huenda ameisikia: Jonathan na Kevin ni pacha, Dylan ni mdogo wao, kocha wao alikuwa baba yao Jacques, na kikosi chao cha vijiti kilikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2012, 2016 na 2018. Dada yao Olivia ana dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008 ya mita 100 mara nne, aliyopewa baada ya Warusi kunyang'anywa. Lakini kijiti hupokezana mkono kwa mkono, na familia ikishinda kwa kijiti kila mtu anaona undugu. Pacha wawili wanaoruka viunzi hawapeani chochote uwanjani. Kila mmoja yuko katika njia yake, na kilichopita kati yao kimeshapita zamani, mazoezini, wakati hakuna kamera.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Kule Rio, Bett, bingwa wa dunia, aliondolewa katika mchujo wa kwanza. Kiunzi hakijali cheo. Koech akasonga mbele hadi fainali ya Olimpiki na kumaliza wa saba. Katika fainali hiyohiyo Mkenya mwingine, Boniface Mucheru, alipata fedha kwa 47.78, akiipunguza rekodi ya Kenya ya Bett kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Aliyeshinda alikuwa Kerron Clement wa Marekani kwa 47.73. Nafikiri juu ya Koech siku ile. Alikuwa ameingia Brazili kama pacha wa bingwa, na sasa yeye ndiye aliyebaki. Nafasi ya saba haiandikwi kwa herufi kubwa, lakini kufika katika wanane bora wa Olimpiki kwa kazi ya hesabu na ya mwili kama hii ni jambo ambalo ningemvulia kofia mtu yeyote.

Tarehe 8 Agosti 2018 Nicholas Bett alifariki katika ajali ya gari kaunti ya Nandi, akiwa na miaka 28. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Asaba, Nigeria, kwenye Mashindano ya Afrika. Huku kwetu habari hiyo haikusikika sana. Siku saba tu zilikuwa zimepita tangu Ebola itangazwe Mangina, karibu na Beni, na redio zote za Beni zilikuwa zikizungumzia kunawa mikono, chanjo na mazishi. Kila aliyeishi hapa wakati ule anajua kwa nini hatukuwa na nafasi ya kumlilia mkimbiaji wa Kenya. Nimeona ni haki kumkumbuka sasa, hata kama tumechelewa.

Na nina sababu ya kumkumbuka nikiwa Mavivi. Watu wakitaka kututia moyo hutuambia tuige Wakenya: tuwaamshe vijana alfajiri, wakimbie kilomita 15 barabarani. Anayesema hivyo hajaishi katika eneo la Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yametufundisha kutomtuma mtoto njiani kabla jua halijapanda, wala kumwacha aende peke yake mashambani kwenye kakao na misitu ya pembeni. Barabara ndefu ya mazoezi hatuna. Lakini mita 35 tunazo. Kiwanja cha mpira cha shule ya msingi kina nafasi ya kiunzi cha kwanza kwenye mita 45, cha pili kwenye mita 80, na mahali pa kusimama baada ya hapo. Robo tatu ya ufundi wa Akii-Bua na Bett inaweza kufundishwa ndani ya uzio wa shule, mchana, mbele ya macho ya walimu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wa Mavivi, Oicha, Beni na Butembo. Kata mikaratusi midogo, simika vigingi viwili, na ulaze ufito juu yake bila kupigilia msumari, upande wa mbele anakoelekea mtoto, ili ukigongwa uanguke na mguu usivunjike. Usianze na sentimita 91. Anza chini ya goti, upandishe kadiri mtoto anavyozoea. Pima umbali kwa utepe, usikisie. Mwache mtoto mmoja akimbie, na mwingine asimame pembeni akihesabu hatua kwa sauti, kisha wabadilishane. Mkiona ndugu wawili wa nyumba moja wamekuja pamoja, waacheni wahesabiane. Viunzi vitatu vinatosha kuanzia, na vipande vya mbao vimejaa kwenye karakana za maseremala wetu.